Nakala: Ihifadhiwe

Asilimia kumi na tisa.

Namba hiyo ilikuwa imesimama kwenye skrini tangu saa tatu asubuhi, na mimi nilikuwa nimekaa mbele yake juu ya stuli ya dada yangu, ile anayokalia akishona soli, ambayo mguu wake mmoja ni mfupi. Dada anatengeneza viatu vya watu ambao miguu yao haikulingana, au imepinda, au imekatwa. Kazi yake yote ni kuongeza milimita hapa na kupunguza milimita pale. Stuli yake mwenyewe hajawahi kuipachika hata kipande cha ngozi. Nilipomwuliza kwa nini, alisema, "Hiyo haijaja kulalamika."

Diski nilikuwa nimeivua ganda lake na kuilaza juu ya kigae kilichobaki walipojenga bafu. Feni ndogo niliyoitoa kwenye kompyuta mbovu ilikuwa ikiipepea ubavuni. Kebo moja ilitoka kwenye diski ikaingia kwenye kompyuta yangu. Nilikuwa nimeiamuru kompyuta isome tu, isiandike hata herufi moja humo. Pembeni palikuwa na daftari langu. Kila robo saa niliandika saa, asilimia na joto la diski. Sikusomea kazi hii popote. Nilianza na redio za majirani, nikaja kwenye kompyuta kwa kusoma vitabu vya maelekezo ambavyo watu huvitupa pamoja na maboksi, na ndiyo maana naandika kila kitu. Mtu aliyefundishwa hukumbuka sauti ya mwalimu wake. Mimi nina daftari.

"Imefika ngapi?" dada akauliza. Alikuwa kwenye meza ya pili, akikata ngozi kwa kile kisu chake kilichochakaa mpaka kikawa kama mundu.

"Kumi na tisa."

"Kumi na tisa ileile?"

"Ileile."

"Ungekuwa unachimba kisima ungeshafika kwenye maji."

"Ningekuwa nachimba kisima ungekuwa unaniuliza kila ndoo."

Akacheka kidogo, kicheko cha puani, akarudi kwenye ngozi yake. Lakini kisu hakikutembea. Alikuwa anaangalia kalenda ya ukutani, mahali alipozungushia duara jekundu siku ya Alhamisi. Siku hiyo ilikuwa Jumanne.

Nieleze tulivyofika hapo.

Jumamosi asubuhi dada aliwasha kompyuta ya karakana, nayo ikamwandikia kwamba haioni diski yoyote. Ijumaa jioni alikuwa ameifanyia kazi vizuri tu. Diski za zamani, zile zenye sahani inayozunguka ndani, zikikaribia kufa huugua kwanza: hugonga, hukwaruza, hulia kama bawaba isiyotiwa mafuta, na mwenye masikio hupata nafasi ya kuokoa vitu vyake. Hizi mpya, SSD, hazina kinachozunguka. Ni chipu tupu. Ni nyepesi, zina kasi, hazijali kutikiswa, na mara nyingi zikifa zinakufa kimya, kama taa iliyoungua.

Nilifika Jumapili. Nilibadilisha kebo, nikaipeleka diski kwenye kompyuta nyingine, nikaiacha kwenye umeme saa nzima nikaichomoa na kuichomeka tena. Hakuna. Chipu inayoongoza zile nyingine ilikuwa imekwisha, na kuifufua ni kazi ya watu wenye vyumba safi na vifaa nisivyonavyo. Ndipo nikaangalia ilipokuwa ikiishi. Kompyuta ilikuwa chini ya meza, mgongo wake umeelekea tanuri dogo la kulainishia plastiki. Na kwa maelezo ya dada mwenyewe, diski ilikuwa imejaa kiasi kwamba kila wiki alifuta picha tatu ili aingize mbili. Diski za namna hii zinahitaji nafasi tupu ili zipangue na kupanga vitu vyake zenyewe. Zikibanwa mpaka mlangoni huandika palepale mara nyingi, na pale panachakaa.

Sikumlaumu. Nimeona ofisi kubwa zenye mafundi watatu zikifanya hivyohivyo.

"Ile imekwenda," nilimwambia. "Lakini si una nakala?"

"Ninayo," alisema, akanyanyuka kwa furaha ya mtu aliyesubiri kuulizwa swali hilo miaka mingi.

Nakala hiyo niliitengeneza mimi, miaka minne iliyopita. Ilikuwa ndiyo kwanza dada amenunua skana ya miguu, kile kifaa kinachozunguka mguu na kuandika umbo lake kwenye kompyuta. Kabla ya hapo alikuwa akichukua umbo kwa plasta, na stoo ilijaa miguu myeupe mpaka watoto wa jirani wakaogopa kupita dirishani. Skana ilipokuja alivunja miguu yote ya plasta na kuimwaga kwenye shimo la barabara ya nyuma. Mimi nikamwambia: sasa miguu ya watu imo ndani ya kitu kidogo kama kiberiti, tuwe na viwili. Nikamnunulia diski ya pili, nikanakili kila kitu, nikampa. Tangu siku hiyo, kila nilipompigia simu, nilimwuliza.

"Nakala unahifadhi?"

"Nahifadhi."

Miaka minne. Sikukosa kuuliza, naye hakukosa kujibu.

Jumapili ile alikwenda kwenye kabati la ukutani akarudi na boksi la viatu. Ndani ya boksi mlikuwa na mfuko wa plastiki, ndani ya mfuko kitambaa laini cha kung'arishia ngozi, na ndani ya kitambaa diski, safi kama siku niliyompa. Pembeni yake kulikuwa na vile vifuko vidogo vya punje vinavyonyonya unyevu, vinavyokuja na ngozi kutoka kiwandani.

"Hivyo nabadilisha kila mwezi," alisema. "Natoa vumbi, nabadilisha vifuko, nafunga tena. Pale kabatini ni pakavu, hapafiki panya wala mende. Ni nyuma ya tanuri, ukuta wake una joto la kupendeza mwaka mzima."

"Na kuichomeka kwenye kompyuta?"

"Kuichomeka ya nini?"

"Kuongeza vipimo vipya. Au kuiwasha tu, ipate umeme."

"Umeniambia nihifadhi. Nimehifadhi."

Kulikuwa na neno lililonijia mpaka kwenye meno nikalimeza, na nashukuru nililimeza, kwa sababu dada alisema kwa upole, "Igeuze."

Nikaigeuza. Nyuma kulikuwa na karatasi ya gundi, imefifia kidogo, yenye herufi kubwa za mkono wangu. Ninaandika H yangu kama ngazi. Hakuna mwingine anayeandika hivyo.

NAKALA. IHIFADHIWE. USIGUSE.

Nilikaa chini. Kwangu mimi, neno hilo liko kwenye skrini. Ni kitufe. Nabonyeza Hifadhi mara mia kwa siku, na jambo ukilifanya mara mia kwa siku huliwazi tena kwamba lina maana nyingine. Dada yangu hajifunzi maneno kutoka kwenye skrini. Kwake, kuhifadhi ni kile unachofanya mara moja kwa kitu unachokithamini: unakikausha, unakifunika, unakiweka mbali na mikono ya watu. Ngozi nzuri ikihifadhiwa hivyo hukaa miaka ishirini. Kila niliposema unahifadhi, alisema nahifadhi, na sote wawili tulikuwa wakweli.

"Kosa ni langu," nilisema.

"Nusu," alisema. "Nusu nyingine ni ya usiguse. Hiyo niliipenda. Niliona mdogo wangu siku hizi anajua kuamrisha."

Kinachotokea ndani ya diski isiyoguswa nilimweleza hivi. Kila herufi imeandikwa kwa chaji ndogo sana ya umeme, imefungiwa kwenye chumba chake. Ukiiwasha diski mara kwa mara, na ukasoma vilivyomo, inapata nafasi ya kujikagua na kuandika upya zile zilizoanza kufifia. Ukiiacha bila umeme, chaji zinavuja polepole, kama upepo unavyotoka kwenye tairi la baiskeli iliyoegeshwa stoo. Hakuna aliyelitoboa. Unaikuta tu imekaa chini. Na joto huharakisha.

"Joto la kupendeza," dada alisema.

"Hilohilo."

Alivuta kiti akakaa, akaniambia jambo ambalo ndilo lililonifanya nilale kwake siku mbili.

Ana mteja wa miaka tisa ambaye karakana nzima humwita Kengele, kwa sababu anaanza kulia akiwa bado mtaa wa pili, na simaanishi kulia kwa machozi. Anaongea. Mguu wa kushoto wa Kengele ulizaliwa umepinda kuelekea ndani. Tangu alipokuwa na miaka mitano anavaa viatu vya dada, vyenye gango la kushikilia kifundo, na kila miezi kadhaa dada anapima, anarekebisha, anashona vingine. Daktari wa mifupa aliyekuwa akimwona mtoto alikuwa akija mwenyewe karakana kuangalia skana. Mwaka huu amestaafu. Daktari mpya amefungua jalada la hospitali, na jalada lote, kwa miaka minne, lina sentensi moja inayojirudia: mguu wa kushoto umepinda kiasi.

"Kiasi gani?" dada aliniuliza, kana kwamba mimi ndiye niliyeandika. "Kiasi ni namba?"

Daktari mpya aliuangalia mguu ulivyo sasa, akasema mtoto wa miaka tisa hapaswi kuwa na mguu kama huu, afanyiwe upasuaji, mfupa ukatwe na kupangwa upya. Mama yake Kengele akamwambia mguu unanyooka, ulikuwa mbaya zaidi. Daktari, na hakuwa mtu mbaya, akasema: nionyeshe. Kama kweli unanyooka tutasubiri, viatu viendelee. Nileteeni kipimo cha mwanzo Alhamisi, saa mbili na nusu, kabla sijapanga orodha ya upasuaji.

"Mguu wa leo naupima wakati wowote," dada alisema. "Mguu wa miaka minne iliyopita nitaupima wapi?"

Kipimo cha mwanzo cha Kengele kilikuwa kati ya vya kwanza kabisa kuingia kwenye skana, wiki mbili kabla sijatengeneza nakala. Kilikuwa kwenye diski iliyokufa, na kilikuwa kwenye diski ya boksi la viatu. Hapakuwa na pa tatu.

Ndiyo maana Jumanne hiyo nilikuwa nimekaa juu ya stuli mbovu, nikiisoma diski ya boksi la viatu, nikiangalia kumi na tisa.

Programu ninayoitumia haina pupa. Inasoma panaposomeka, pasiposomeka inaruka, na kila iliporuka inaandika kwenye orodha ili irudi baadaye. Ila diski yenyewe ikifika mahali pabaya huanza kung'ang'ana kivyake, inajaribu kipande kilekile tena na tena kabla ya kukiri imeshindwa, na wakati huo inapata moto. Hapo fundi hana la kufanya isipokuwa kusubiri na kuandika joto. Saa nne na robo: digrii hamsini na moja. Saa nne na nusu: hamsini na tatu. Nilisogeza feni karibu upana wa kidole.

Saa tano kasorobo, bila sababu niliyoiona, namba ikawa ishirini. Kisha ishirini na nne. Kisha thelathini na moja.

"Inatembea," nilisema.

Nilisikia kisu kimeanza kukata.

Saa nane mchana tukasikia Kengele. Alikuwa anamweleza mtu barabarani kwamba mbwa ana vidole vinne mbele, au vitano ukihesabu kile cha juu, na kwamba yeye huhesabu. Akaingia, mama yake nyuma. Mama yake ni mhudumu wa maktaba, mwanamke mrefu anayeongea chini chini kwa mazoea ya kazi. Nadhani mtoto aliamua kuongea kwa niaba ya wote wawili.

"Shikamoo Mama Viatu. Shikamoo fundi. Hiyo ndiyo imemeza mguu wangu?"

"Marahaba," nilisema. "Ndiyo hiyo."

"Ndogo hivyo?"

"Ndogo hivyo."

"Sasa mguu umeingiaje?"

"Kengele," mama yake alisema.

"Nauliza tu! Fundi hajakasirika. Umekasirika, fundi?"

"Bado."

Dada alimkalisha, akamvua kiatu na soksi, akauweka mguu kwenye skana. Aliunganisha skana kwenye kompyuta ndogo ya kuazima niliyokuja nayo. Nilitazama anavyofanya, maana huwa simwoni kazini. Alishika kile kifundo kwa vidole viwili kama mtu anayeshika yai analotaka kulirudisha kiotani, akakisogeza kidogo, akakiachia kitulie chenyewe. Kisha akaanzisha skana. Mguu ukajichora kwenye skrini, mstari juu ya mstari, kuanzia vidoleni mpaka kisiginoni. Dada akapitisha mstari mmoja katikati ya kisigino na mwingine katikati ya mundi, ule mfupa mrefu chini ya goti, akasoma pembe iliyo kati yao.

"Kumi na nne," alisema.

"Na mwanzo ilikuwa ngapi?" mama yake akauliza.

"Nakumbuka ilikuwa juu ya thelathini. Thelathini na moja, thelathini na mbili."

"Si umwambie daktari hivyo?"

"Nilimpigia. Aliniambia, mama, mimi pia nakumbuka mambo mengi." Dada alifuta skana kwa kitambaa. "Hajakosea. Mimi ndiye ninayeuza viatu."

Mama yake Kengele alinigeukia. Alikuwa ameshika mkoba wake kifuani kwa mikono miwili. "Kaka, hiyo ilikuwa kabatini muda wote?"

Kabla sijafungua mdomo dada alisema, "Ilikuwa kabatini. Niliitunza kama ngozi."

"Kwa maelekezo yangu," nilisema. "Niliandika vibaya."

Alitutazama, mmoja baada ya mwingine. Nilijiandaa. Lakini alisema tu, "Sisi kitabu kikikaa miaka mitatu bila kuazimwa, tunakifungua ukurasa kwa ukurasa. Mara nyingi ndani ndiko kuna wadudu. Nje kinang'aa." Akakaa kwenye benchi la wateja. "Nitasubiri, kama sitawasumbua."

Aliyesumbua ni mwingine. Katika saa mbili zilizofuata niliulizwa kama diski inasikia njaa, kama umeme una rangi, kama miguu yote ya watu humo ndani inapigana mateke usiku, na kwa nini stuli yangu inacheza. Swali la mwisho nilimwachia dada ajibu.

Saa kumi na dakika kumi mzunguko wa kwanza ulimalizika. Asilimia tisini na sita ya diski ilikuwa imesomeka. Niliandika namba hiyo kwenye daftari kabla ya kuwaambia, kwa sababu nilijua wataisikia kama ushindi, na sikutaka waisikie hivyo. Asilimia nne inaweza kuwa nyimbo za kanisani za mtu. Inaweza pia kuwa kisigino.

Sikugusa diski. Nilifungua ile nakala mpya iliyokuwa kwenye kompyuta yangu, nikatafuta folda ya mwaka ule, mwezi ule. Dada alisimama nyuma yangu akitaja namba ya mteja kutoka kichwani. Faili lilikuwepo. Nikalifungua.

Skrini ikakaa nyeupe kidogo. Kisha vikatokea vidole vitano, vidogo kama maharage, kimoja kimepanda juu ya mwenzake.

"Vidole vyangu!" Kengele alipiga kelele, akaning'inia begani kwangu. "Mama, vidole vyangu! Mbona vilikuwa hivyo? Mbona hiki kimepanda juu?"

"Ulikuwa na miaka mitano," mama yake alisema, na sauti yake haikuwa ya maktaba.

Baada ya vidole ukaja unyayo wa mbele. Ukaja mwanzo wa upinde. Kisha mguu ukakatika, mkato ulionyooka, kama mkate uliopitishwa kisu. Nyuma ya hapo skrini ilikuwa tupu.

Tukasubiri, ingawa mimi nilijua hakuna cha kusubiri.

"Na kisigino?" Kengele akauliza.

Dada aliinama mpaka miwani yake ikakaribia kugusa skrini. "Pembe haipimwi kwenye vidole," alisema, si kwa yeyote.

Nikawaeleza. Skana huandika mguu kuanzia vidoleni kwenda nyuma, safu kwa safu. Kipande cha diski chenye safu za katikati kilikuwa mojawapo ya vile vilivyorukwa, na programu ya miguu ikikosa safu moja haiendelei. Haimaanishi kisigino hakipo. Huenda kipo kizima, nyuma ya pengo. Sasa tungerudi kwenye mapengo, moja moja, kuanzia lile la Kengele.

Niliielekeza programu pale. Diski ilianza kung'ang'ana. Hamsini na tano. Hamsini na saba. Baada ya dakika ishirini kipande kimoja kilikubali, kisha kingine. Nilisimamisha, nikafungua faili upya. Mguu ulikuwa umeongezeka. Upinde wote ulionekana sasa, na mwanzo wa kifundo upande wa ndani, pale unapoanza kupinda. Mkato ulikuwa umerudi nyuma upana wa vidole viwili.

"Haya!" dada alisema, akanipiga mgongoni kwa mkono wenye gundi. "Endelea!"

Nikaendelea, na hapo ndipo diski ilipotoweka. Haikutoa sauti. Kompyuta iliandika tu kwamba kifaa kimeondolewa, ingawa hakuna aliyeondoa chochote. Nilichomoa kebo. Niliweka kidole karibu na chipu bila kuigusa na nikaona joto lake.

Niliandika saa kwenye daftari.

Tulikaa nusu saa. Dada alichukua soli akaanza kuishona, akaifumua, akaishona tena. Nilipoichomeka diski, kompyuta ilikawia, ikakawia tena, kisha ikaiona.

"Ipo," nilisema.

Mama yake Kengele alishusha pumzi. Dada akaweka soli chini. "Basi piga tena kidogo. Vidole viwili vingine tu tunafika."

"Hapana."

"Vidole viwili!"

"Dada. Imeondoka mara moja ikarudi. Ikiondoka tena ikiwa na moto huu, huenda isirudi. Na mchana jirani naye anawasha tanuri lake la mikate, humu ndani ni joto. Kesho asubuhi kutakuwa na ubaridi. Ipumzike."

"Alhamisi saa mbili na nusu," mama yake alisema polepole.

"Najua. Tuna kesho nzima."

Niliona dada anataka kubishana. Ni mkubwa wangu kwa miaka saba na hajazoea mimi kusema hapana. Aliangalia diski kwenye kigae, akaangalia mguu uliokatika kwenye skrini, halafu akafanya kile nilichomwona akikifanyia kifundo cha mtoto mchana ule: aliacha jambo litulie lenyewe.

"Haya," alisema. "Wewe ndiye unayejua joto lake."

Tulichokuwa nacho tulikiweka mahali salama kwanza. Nilinakili kila kilichosomeka kwenye diski mpya mbili. Moja ilibaki kwenye kompyuta ya karakana, ambayo sasa tulikuwa tumeihamishia ukuta wa upande wa pili, mbali na tanuri, na nikamwonyesha dada namna ya kuona kama imejaa: ikibaki sehemu moja ya tano, anaacha kuingiza, anahamisha. Nyingine niliifungasha iende kwangu. Folda ya Kengele peke yake niliitia kwenye flashi nikampa mama yake. Aliiweka ndani ya mkoba, akafunga zipu, akaifungua tena kuhakikisha.

"Hiyo usiihifadhi," dada alimwambia. "Ichomeke."

Kengele alicheka ingawa hakujua anacheka nini, akavaa kiatu chake, akatoka akihesabu ngazi kwa sauti.

Dada alichukua ile diski mpya inayokwenda kwangu, akachukua karatasi ya gundi na kalamu nene, akasimama tayari kuandika. "Haya, mwamrishaji. Niandike nini safari hii?"

Nilifikiri. Andika nakala, nilisema. Andika: ichomekwe kila Ijumaa ya kwanza ya mwezi. Yafunguliwe mafaili matatu, yoyote, yaonekane yanafunguka. Andika tarehe.

"Ni maneno mengi kwa karatasi ndogo."

"Andika pande mbili."

Akaandika pande mbili, kwa mwandiko wake mdogo wa kuandikia namba ndani ya ulimi wa kiatu. Kisha akaenda kwenye kalenda, akafungua mwezi ujao na ule unaofuata, akatia alama kila Ijumaa ya kwanza, mpaka mwisho wa mwaka. Duara la Alhamisi lilikuwa bado pale kwenye ukurasa wa mbele aliporudisha kurasa.

Nilichomoa diski ya zamani, nikaiacha juu ya kigae chake na kuifunika kwa boksi la viatu lililotobolewa matundu, vumbi lisiingie. Vipande vilivyobaki kwenye orodha vilikuwa mia mbili na sita. Vya Kengele vilikuwa tisa. Nilivizungushia tisa hivyo duara kwenye daftari, nikaandika chini yake: kesho, hivi kwanza, dakika kumi kusoma, dakika ishirini kupumzika.

"Utakipata?" dada akauliza. Alikuwa ameshika funguo za mlango.

"Siwezi kukuahidi."

"Sijaomba ahadi. Nauliza utaanza saa ngapi."

"Saa kumi na mbili na nusu."

"Nitafungua saa kumi na mbili," alisema, akazima taa ya meza yake, kisha yangu.